Fundi wa Breki ya Ngozi

Alikula amesimama. Sahani mkono mmoja, anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mkewe alikwisha kuchoka kumwambia akae asije akapaliwa. Hata nyumbani kwa watu ilikuwa hivyohivyo. Unamkaribisha kiti, anakishukuru, anakigeuza miguu juu, anakitikisa, anakuambia mguu wa nyuma umelegea, kisha anakirudisha chini na kuendelea kusimama. Ukitaka mazungumzo naye ilibidi umfuate anakokwenda, na mara nyingi hakuwa anakwenda popote.

Tulimwita Fundi, basi. Jina alikuwa nalo, nami nalijua, lakini hakupenda litajwe. Alisema jina ni la kuitiwa kodi. Nami nitamwacha alivyotaka.

Mimi nilikuwa dereva. Ninyi mnaosikia injini tangu asubuhi mpaka jioni hamwezi kujua neno hilo lilikuwa na uzito gani hapa Ifakara wakati wa Mjerumani. Bonde zima, kwa tulivyojua sisi, lilikuwa na gari moja tu, la mlowezi mmoja tuliyempachika jina la Bwana Pamba kwa sababu ya zao alilotulimisha. Gari lilishuka kwenye treni Kilosa, likafunguliwa vipande vipande, na wapagazi wakalibeba vichwani mpaka huku, vumbi na tope, milango mbele na injini nyuma ikining'inia kwenye miti. Fundi ndiye aliyeliunga upya. Bwana Pamba alishika kitabu cha picha na kutukana, Fundi akashika spana na kutukana kwa Kindamba, na baada ya siku nyingi za matusi ya namna hiyo likawaka. Walipendana, wale wawili, kwa namna yao ya kutopendana.

Kabla ya gari alikuwa mhunzi. Majembe ya mpunga ya bonde hili, mengi yalitoka kwenye mivukuto yake. Na vita vya maji vilipokuja, mikuki pia ilitoka hapohapo. Hilo kila mtu alilijua, na kila mtu alijifanya halijui, kwa sababu wahunzi wenzake waliofungua mdomo kulisema hawakubaki hai. Sijui alipona vipi. Nadhani Bwana Pamba alimhitaji, na aliyehitajiwa na Mzungu aliachwa apumue kidogo.

Alikuwa na ugonjwa wa kutikisa vitu. Bawaba za milango, mpini wa jembe la jirani, jino la mtoto linalotaka kutoka. Siku moja kanisani padre yuko katikati ya mahubiri, Fundi akaanza kulitikisa benchi alilokuwa amesimama nyuma yake, polepole, kushoto na kulia, kasikiliza, katikisa tena. Waliokaa juu yake wakawa wanayumba kama watu waliomo mtumbwini. Padre akanyamaza akamtazama. "Linacheza, Baba," Fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa muhimu. Tulicheka hadi machozi, ndani ya nyumba ya Mungu. Jumatatu yake alikwenda akaligongomea.

Kanisani alikwenda kwa bidii, na msalaba shingoni, lakini chini ya msalaba kulikuwa na kijikamba chenye kitu ambacho hakikutoka kwa padre. Nilipomtania akasema, "Nimemwagiwa maji mara mbili sasa, ya vita na ya ubatizo. Tuone yapi yatashika." Maji ya vita hakuyaongelea zaidi ya hapo. Ukimkazania aliweza kusema yalikuwa maji tu, yana mtama kidogo ndani, na amewahi kunywa mabaya zaidi. Kisha huyo, ameondoka, umebaki unaongea na mgongo wake.

Kufundisha alikuchukia, akasema hivyo wazi, kisha akakufundisha kutwa nzima. Kilichonisumbua tangu mwanzo wa udereva wangu ni breki, na breki ndiyo alipenda kuliko kitu chochote ndani ya lile gari. Ilikuwa breki ya zamani, haina mafuta ndani wala kitu cha kukusaidia. Unakanyaga pedali, pedali inavuta fito, fito inavuta mkono wa chuma, mkono unabana ukanda uliozungushwa kwenye ngoma ya chuma inayozunguka chini ya gari. Ukanda ukiibana ngoma, gari linasimama. Ndani ya ukanda kuna utando unaosugua, nao ndio unaolika.

Pedali ikianza kushuka kuliko inavyotakiwa, dereva mjinga hukimbilia kukaza fito. Mimi nilikuwa dereva mjinga. Fundi alinipiga kofi mkononi siku aliponikuta na spana.

"Unakaza nini, na hujui kilicholegea?"

"Si breki, Fundi? Inakwenda chini."

"Mguu wako umetuma salamu. Salamu hazikufika. Kwanza tujue nani kazilalia njiani."

Basi akaingia chini ya gari, akalala chali, akaweka kidole kwenye pini ya kwanza, pale pedali inapokutana na fito. "Kanyaga. Taratibu. Rudi. Kanyaga tena." Alikuwa amefumba macho. Kama pedali ilitembea kabla fito haijatembea, kidole chake kilijua, na pini hiyo ilikuwa imelika. Kama zote mbili zilikwenda pamoja, akahamisha kidole kwenye kiungo cha pili. "Kanyaga." Halafu cha tatu. Mwisho kabisa, wakati wengine wote wangeanzia hapo, akafika kwenye ukanda wenyewe na kuangalia nafasi kati yake na ngoma. Jua lote la mchana linaweza kuisha hivyo, mimi mguu unatetemeka, yeye huko chini anasema kanyaga tena kwa sauti ya mtu anayeota. Hapo ndipo pekee nilipowahi kumwona ametulia.

Sasa nikisema alikuwa mtu wa ukweli nitakuwa nimekosea. Alidanganya kuhusu samaki aliowavua, kuhusu umri wake, kuhusu watu waliomwogopa. Na kosa? Kosa hakulikubali hata umshike mkono ndani ya chungu. Mama mmoja wa Lipangalala alinunua kwake jembe, likapasuka siku ya kwanza. Akamletea vipande. Fundi akavigeuza, akamwambia shamba lake lina mawe. Shamba lenyewe ni tope la mpunga, jiwe hulipati hata la kumtupia ndege! Yule mama akarudi kwake akilaani, na asubuhi akakuta jembe jipya limeegemezwa mlangoni. Alipokwenda kushukuru, Fundi akasema hajui anachozungumzia. Ndivyo alivyokuwa. Angetengeneza alichoharibu hata mara kumi, mradi asitamke kwamba alikiharibu.

Nayasema haya ili mjue alikuwa mtu gani, kabla sijasema kilichotokea mtoni.

Masika moja utando wa breki ulikwisha. Mwingine ulikuwa ng'ambo ya bahari, na Bwana Pamba hakuwa na subira ya kuusubiri. Fundi akasema ngozi ya kiboko itafaa. Ilikuwepo tele, wavuvi wa mto walikuwa wakiileta, ni ngozi ileile Wajerumani waliyoikata viboko vya kutupigia. Akailoweka ikalainika, akaikata, akaipigilia kwa misumari ya shaba ndani ya ukanda ikiwa mbichi bado, na alipofunga fito akaiacha imelegea kidogo. Nikamuuliza kwa nini.

"Ngozi ikikauka hukaza," akasema. "Nikiikaza leo, kiangazi gari halitasogea."

Sikubisha. Nani angebisha? Kila mtu wa bonde hili amewahi kufunga mpini wa jembe kwa ngozi mbichi akaona inavyobana ikishakauka, na kila mtu ameona ngoma ya kuchezea inavyovutika juani. Ngozi ikikauka hukaza. Hata mtoto anajua. Na masika yote breki ilishika vizuri, pedali inasimama karibu na juu, mpaka Fundi akawa anapita mjini anaisifia kama ng'ombe wake.

Mvua zikakatika. Mbuga ikaanza kukauka, na pedali ikaanza kushuka. Kidogo, halafu kidogo tena. Nilimwambia Fundi. Alikuwa anakula, maana yake anatembea.

"Mguu wako umerefuka," akasema.

"Fundi, sitanii."

"Subiri. Haijamaliza kukauka. Ikimaliza itakaza."

Nikasubiri. Wakati huo akaja Bwana mkubwa wa boma la Mahenge, kukagua pamba. Siku ya kurudi, Bwana Pamba akaona fahari ampeleke mgeni wake mtoni kwa gari, ampandishe kwenye mitumbwi, wapagazi wampokee ng'ambo. Njia ya kushukia kivukoni ilikuwa mteremko wa kichanga, nimeuteremka mara nyingi. Nikakanyaga. Mguu ukaenda. Ukaendelea kwenda mpaka ukagonga ubao wa sakafu, na gari halijasikia chochote. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, ikapunguza tu. Tukaingia Kilombero kwa kishindo, maji mpaka kwenye viti, na yule mkubwa akarushwa mbele, mkono wake ukavunjika.

Walinitoa majini kwa kunivuta shingo. Shaushi, mkubwa wa askari, alinitazama na kusema neno moja kwa wenzake: "Maji." Wakaelewa wote. Vita vilikuwa vimekwisha miaka si mingi, na wao bado walimwona kila mtu mweusi wa bonde hili kuwa anasubiri siku yake. Dereva kumwingiza mkubwa wa boma mtoni, tena mtoni! Walinifunga mnyororo wa shingo. Kamba ya Mahenge haikuwa hadithi kwetu, tulijua majina ya walioning'inia.

Kesho yake asubuhi watu wa shamba walilivuta gari likapanda ukingoni. Mkubwa wa boma aliketi kitini, mkono umefungwa kwa mbao. Bwana Pamba alitafsiri, na uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Swali lilikuwa moja: gari lina ubovu, au mtu huyu hakukanyaga? Kama gari ni zima, mimi nimekusudia, na aliyekusudia anajulikana aendako.

Shaushi akapanda, akakanyaga pedali mwenyewe. Ikasimama juu, ngumu kama gogo. Akakanyaga tena. Ngumu. Akacheka.

Niliposikia kile kicheko nilijua nimekufa. Sikuelewa. Jana mguu wangu ulikwenda mpaka chini, naapa, na leo breki inashika kama siku ilipofungwa. Nikaanza kujishuku mwenyewe, labda kweli sikukanyaga, labda nilishikwa na wazimu.

Fundi aliletwa. Hakunitazama. Alilala chini ya gari kwenye matope, akaweka kidole kwenye pini ya kwanza, akamwambia shaushi akanyage. Pini nzima. Kiungo cha pili kizima. Cha tatu kizima. Akafika kwenye ukanda. Sauti yake tu chini kule, kanyaga, kanyaga tena. Akatoka, akafuta mikono, na mbele ya watu wote wale akakaa chini mchangani.

Shaushi akamsukuma na mguu. "Sema. Ni zima?"

Ninachokijua sasa ni kwamba wakati ule alikuwa ameshaelewa. Ngozi kwenye mpini hubana mpini kwa sababu mpini uko ndani yake. Lakini hii ilikuwa imepigiliwa kwenye ukanda unaoizunguka ngoma kwa nje, na ngoma iko ndani. Ikikauka inakuwa nyembamba, inaikimbia ngoma. Kiangazi chote ilikuwa inaikimbia, na fito aliyoilegeza mwenyewe ikaongeza nafasi juu ya nafasi. Na usiku kucha ndani ya mto ngozi ilikunywa maji ikavimba tena, ikarudi kuwa ya masika. Hakuna mtu mwingine pale ambaye angejua. Fundi angesema tu gari ni zima, na ni kweli lilikuwa zima asubuhi ile, akaenda zake kula amesimama. Mhunzi wa mikuki, mbele ya mkubwa wa boma. Ni mjinga gani angesema zaidi?

"Liko zima sasa," akasema. "Ngojeni ngozi ikauke."

Akaufungua ukanda, akauweka juu ya mabati kando ya makaa, akawa anaugeuza kama mtu anayebanika samaki. Mkubwa wa boma alitaka kuondoka, Bwana Pamba akamsihi. Alasiri Fundi akaufunga tena bila kugusa fito, akamwambia shaushi, "Panda. Kanyaga kama unavyomkanyaga mtu."

Shaushi akakanyaga. Mguu ukaenda mpaka ubaoni, naye akainama mbele nusura apige pua kwenye usukani.

"Nani amefanya hivi?" Bwana Pamba akauliza, ingawa alijua.

"Mimi."

"Makusudi?"

"Ujinga," Fundi akasema. "Nilidhani itakaza. Dereva aliniambia inashuka, nikamcheka. Huyu alikanyaga."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo juu yake mwenyewe kabla ya hapo, na alilisema kwa shida, kama mtu anayetapika mfupa. Mkubwa wa boma hakuwa na haja ya maelezo marefu. Mnyororo walionivua mimi walimvika yeye palepale, bado una joto la shingo yangu. Wakampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele yetu, kisha akapelekwa kwenye kazi za reli. Bwana Pamba alipiga kelele kwamba anamhitaji, wala hakusikilizwa. Mkewe alifunga vitu vyake akaenda kwa ndugu zake Malinyi.

Nilirudi nyumbani mzima, na tangu siku ile sijatulia. Nilibadili kazi, nilibadili nyumba, nilikuwa Lipangalala, nikahamia upande huu ambao sasa umepimwa viwanja. Vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe vikapita juu yetu, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja. Wavuvi wakaniambia Fundi yu hai, yuko Malinyi. Nilisema nitakwenda mwezi ujao. Nilisema hivyo miaka. Si kwamba sikumpenda. Niliogopa uso wake, nikaogopa aniulize niliyafanyia nini maisha aliyoniachia.

Mwishowe nilikwenda, nywele zangu zimeanza kuwa mvi. Nilimkuta ameketi. Nilidhani nimekosea nyumba. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, mgongo umepinda, anasuka mtego wa samaki, na mkewe anapepeta mchele kando.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Dereva, umenenepa."

Tukazungumza habari za mvua na samaki. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, kwenye mtumbwi, siku nzima, na yote yakanikimbia. Nikasema tu nimekuja kumshukuru.

"Ulikanyaga, hukukanyaga?" akauliza, hakuinua macho.

"Nilikanyaga, Fundi. Mungu anajua."

"Basi unanishukuru nini?"

"Ungeweza kunyamaza."

Mikono yake ikaacha kusuka. Akatazama upande wa milima ya Mahenge, kule mbali.

"Niliwahi kusema, siku moja," akasema. "Nilikuwa na mdogo wangu. Tulikunywa maji pamoja, tukaenda kulivamia boma pamoja. Masharti yote aliyafuata, mimi nilikuwa naye, nilimwona. Hata wali aliuliza kwanza kama unaruhusiwa. Ikaja ile bunduki ya bombomu, inayomimina risasi mfululizo, ikampata kifuani, na wengine wengi. Waliobaki wakanijia mimi, kwa kuwa mikuki ilikuwa yangu na neno langu lilisikilizwa. Wakaniuliza, maji yameshindwa? Nikawaambia hayakushindwa. Nikasema huyu alivunja mwiko."

Aliuweka mtego chini.

"Wakarudi bomani kwa neno hilo, na wengi hawakurejea. Nyumbani mama akaniuliza, nikamwambia hivyohivyo. Na kwetu, aliyewaletea wenzake kifo kwa kuvunja mwiko haliliwi. Mama alikufa hajamlilia mwanawe. Hakuvunja kitu, Dereva. Hakuvunja kitu chochote. Na wewe ulikanyaga."

Nilimuuliza jina la huyo mdogo wake. Akalitaja, kwa sauti ndogo, na mkewe akaacha kupepeta. Miaka yote ile ya ndoa, aliniambia baadaye, hakuwahi kulisikia jina hilo ndani ya nyumba yake.

"Ni nani huyo, baba?" akamuuliza, ingawa alikuwa amesikia yote.

"Mdogo wangu. Amefariki."

Mkewe akaweka ungo chini, akafungua kilemba, akapiga ukunga wa msiba mpaka mbwa wakabweka. Fundi akajifunika uso kwa mikono, nami nikashuka chini karibu naye, tukalia, wazee wawili, kwa sauti, bila haya. Majirani wakaanza kuingia uani, wanawake kaniki begani, wanaume wamevua kofia, wakiuliza msiba umetokea lini. Fundi hakuwaficha. Aliwaambia ni tangu wakati wa vita vya maji. Wakatazamana, halafu wakatandika mikeka, wakakaa, wala hakuna hata mmoja aliyerudi kwake.